Sikio la Namba Kumi na Tisa

"Kabla hujaanza kulia tena," alisema Bi Sabiha, "nifundishe."

Kholood akafuta pua kwa ncha ya mtandio. Binti wa miaka ishirini na sita, mtoto wa Mzee Zayed mwenye duka la mabaibui pale Bagamoyo mjini, na tangu asubuhi alikuwa keshahojiwa na watu watatu, wote wakimwita mwongo kwa adabu. Huyu wa nne hajamwita chochote. Kaingia, kasalimia, kavua viatu mlangoni mwa maabara kama kaja kwa watu, kisha kavuta kiti.

Bi Sabiha Najim hakuwa mwanasayansi, na wala hakujifanya. Miaka kumi na minane alikuwa mpelelezi wa polisi, tangu wizi wa ng'ombe mpaka hati za viwanja, halafu Taasisi ya Mifugo ya Kingani ikamchukua awe mchunguzi wa kamati yake ya maadili. Mtafiti akituhumiwa kupika matokeo, yeye ndiye anayetumwa jikoni kufunua masufuria.

Leo Ijumaa. Kamati inakaa Jumatatu saa nne. Wakisema Kholood kaghushi, shahada ya uzamili imekwenda, na jina limekwenda nayo.

"Nianzie wapi, Bi Sabiha?"

"Anzia pale nisipojua. Yaani mwanzo kabisa."

Kholood akacheka bila kutaka. "Haya. Chukulia jeni linatuma barua. Barua inasema: tengenezeni kitu fulani. Sasa mwilini kuna vijitu vidogo mno vinaitwa maikroRNA. Herufi ishirini na mbili tu, basi. Kazi yake kunyamazisha barua. Kanakwenda mkiani mwa barua, kanajibana pale, barua haisomwi tena."

"Kanaijuaje barua yake?"

Kholood akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye pochi ya Bi Sabiha. "Samahani," akaivuta, akafungua zipu yake na kuifunga. "Umeona? Meno ya mwanzo yakishikana, yaliyobaki yanapanda yenyewe. Yasiposhikana, vuta mpaka kesho. Kwenye maikroRNA meno yenyewe ni herufi saba, kuanzia ya pili mpaka ya nane. Mimi siwezi kuzijaribu barua elfu ishirini za mbuzi kwa mkono. Natumia programu. Inazichukua zile herufi saba, inatembea mkiani mwa kila barua kutafuta pa kushikana. Halafu inauliza: hapo mahali pako wazi, au pamejikunja? Ng'ombe na kondoo nao wanapo? Ikimaliza inanipa orodha. Si ushahidi, Bi Sabiha. Ni orodha ya washukiwa."

Kalamu ya Bi Sabiha ikasimama. "Washukiwa?"

"Ndiyo. Na wengi wao hawana hatia. Lazima umfuate mmoja mmoja."

"Mwanangu," alisema Bi Sabiha, akaandika, "hiyo kazi naijua."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kule Mkange kuna mbuzi wanono wa mapaja hata mwaka wa ukame. Mwezi wa tano Kholood alichukua damu ya mbuzi ishirini, wakasomwa herufi za jeni zao. Mbuzi namba kumi na tisa, jike wa bibi mmoja anaitwa Bi Mgeni, mkiani mwa barua ya jeni linalozuia nyama kukua, alikutwa na herufi saba kamili za kushikana: A, C, A, T, T, C, C. Barua inanyamazishwa, nyama inakua. Kholood alirukaruka maabara nzima siku hiyo, mpaka akavunja bika mbili za kioo.

Mwezi wa kumi Daktari Ashrafu, msimamizi wake, akaagiza mbuzi yule yule apimwe upya na mtu mwingine. Programu ikajibu: hakuna. Pale penye A ya pili pana G. Zipu haishikani. Daktari akapeleka tuhuma kwenye kamati.

"Na kuna la pili wanalonishikia," alisema Kholood. "Programu ina kichujio. Mahali pakiwa hapapo kwa ng'ombe, kondoo wala binadamu, inapatupa. Mimi nilikizima."

"Ulikizima mwenyewe?"

"Nilikizima, na nikaandika nimekizima, ukurasa wa tatu. Bi Sabiha, natafuta kitu cha mbuzi wa Mkange. Nikiuliza ng'ombe wa dunia nzima kama wanacho, si watasema hawakijui?"

Bi Sabiha akafunua ukurasa wa tatu. Kweli imeandikwa. Akaweka alama.

"Sasa nijibu bila kuogopa. Ungetaka kughushi, ungefanyaje?"

Kholood akafikiri kwa makini, kama kapewa mtihani. "Ningefungua faili la herufi, ningefuta ile G moja, ningeweka A. Dakika moja. Hakuna ambaye angejua."

"Herufi moja tu?"

"Moja inatosha."

"Niwekee ya mwezi wa tano na ya mwezi wa kumi. Zote, si ule mkia wenye ugomvi tu. Uzipange moja juu ya nyingine."

Kholood hakuruhusiwa kugusa kompyuta ya kesi, kwa hiyo alisimama nyuma na kuelekeza, "bonyeza hapo, hapana, hapo, ee," na Bi Sabiha akabonyeza kwa kidole kimoja. Mistari miwili ikajipanga. Penye tofauti pakawaka pekundu.

Ile A na G iliwaka. Chini yake ikawaka nyingine. Na nyingine.

Bi Sabiha akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Kumi na mbili."

"Haiwezekani," alinong'ona Kholood. "Hizo nyingine hazina maana yoyote. Ziko mbali kabisa na pale mahali."

"Ndiyo ninachokuambia. Anayeghushi saini haandiki barua yote upya." Bi Sabiha akafunga daftari. "Nani kati yenu alipata kuzilinganisha?"

Kholood akatikisa kichwa. Wote walikuwa wameitazama ile herufi moja.

*

Bilali, fundi wa maabara, aliletwa saa tisa, na aliingia akiwa tayari anatoka jasho.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Mimi si afande siku hizi. Kaa. Sampuli ya pili umechukua wewe?"

"Mimi. Kipande cha sikio, kwa ile koleo ya kutobolea. Damu ingeharibika njiani, barafu ilikuwa haitoshi. Herufi ni zile zile tu, damu au sikio."

"Siku hiyo gari lilitembea kilomita tisini zaidi ya kwenda Mkange na kurudi. Ulikwenda wapi?"

Bilali akatazama sakafu. "Vigwaza."

"Vigwaza na Mkange wapi na wapi? Na kasha la sampuli lilikuwa kwenye gari?"

"Lilikuwepo. Lakiri haikuguswa, Afande, namba yake iko kwenye fomu."

Namba ilikuwepo, na lakiri haikuguswa. Lakini Bi Sabiha hakuinua macho. "Vigwaza kuna nini, Bilali?"

Bilali akajibu kwa sauti ndogo: "Nilipeleka posa."

"Nini?"

"Barua ya posa. Mjomba aliyekuwa apeleke aliumwa mgongo, na wenyewe walishasema wiki ile ikipita wanampokea mwingine. Nikaona nimpeleke kwa gari la ofisi."

"Wamekubali?"

"Wamekubali," alisema Bilali, uso ukamchanua kabla hajakumbuka yuko wapi.

"Hongera. Gari la ofisi utalijibia kwingine. Nionyeshe picha."

Kila mbuzi alipigwa picha kabla ya kupimwa. Hawakuvaa vipuli vya masikioni; wenye mbuzi wa Mkange walikataa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kila mmoja alivalishwa mkanda shingoni wenye kibao cha namba, mwezi wa tano, na haukuvuliwa. Bi Sabiha akaweka picha mbili sambamba. Mbuzi wa kahawia, mgongo mweusi. Mbuzi wa kahawia, mgongo mweusi. Kibao: 19. Kibao: 19.

"Aliyekataa vipuli kwanza alikuwa nani?"

"Bi Mgeni mwenyewe. Aliwaka! Wengine wakamfuata."

"Na siku ya kutoboa sikio?"

Bilali akakuna kichwa. "Hapo nilishangaa. Wengine nilibembeleza mpaka soda zikaisha. Yeye kamleta mwenyewe, kamshika mwenyewe. Haraka haraka."

Bi Sabiha akaikuza picha ya pili, shingoni. Mkanda ulikuwa umepanda kidogo upande mmoja. Chini yake manyoya yalikuwa marefu, yamelala vizuri, yanang'aa.

"Mkanda wa ngozi ngumu, miezi mitano usiku na mchana," alisema polepole. "Saa yangu hii, mwaka mmoja tu, imenipiga alama mkononi. Huyu mbuzi mkanda wake kauvaa lini?"

Bilali akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Asubuhi ile," akasema. "Ya Rabi. Alivalishwa asubuhi ile."

*

Jumamosi walitoka mapema, njia ya Msata, wakakata kwenda Miono, lami ikawaaga, vumbi likawapokea mpaka Mkange. Bilali dereva. Kholood kiti cha nyuma, kwa masharti: asiguse mbuzi, asiguse sindano, asimsemeshe Bi Mgeni kabla ya mchunguzi.

"Mikono niiweke wapi basi?"

"Ndani ya baibui."

Uani kwa Bi Mgeni walikuta shughuli. Wanawake watano wamekaa mkekani wanachagua mchele, sufuria za kukodi zimepangwa ukutani, mtu anatwanga bizari. Mlangoni alikaa msichana mwembamba, Nasrin, binti wa Bi Mgeni, na mapajani kitoto cha siku sita kimefungwa kama kifurushi cha posta.

"Mashaallah," Kholood akasahau masharti yote. "Wa kike?"

"Wa kike. Dija," alisema Nasrin, akakifunua uso kidogo, kama mtu anayeonyesha kitu ambacho mwenyewe bado hajakiamini. "Akika kesho."

Bi Mgeni alitoka akifuta mikono. Alimwona Kholood, akafurahi; akamwona Bilali, furaha ikapungua; akamwona Bi Sabiha na daftari, ikaisha.

"Shikamoo Bi Mgeni."

"Marahaba, karibuni. Mna nini tena? Si mlishachukua sikio?"

"Tulichukua. Tunaomba kumwona tena namba kumi na tisa."

Mbuzi akaletwa. Kahawia, mgongo mweusi, mkanda, kibao, tundu sikioni. Bi Sabiha alichuchumaa, akasogeza mkanda kwa kidole. Sasa palianza kupauka kidogo. Miezi mitano ingepafanya upara. Akasimama, akapangusa magoti.

"Mbuzi mzuri."

"Mzuri."

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Bi Mgeni, kesho mnachinja yupi?"

Mchi ukasimama kwenye kinu. Bi Mgeni akafungua mdomo, na hapo hapo nyuma ya jiko kamba ikakatika au ilifungwa vibaya, maana alitokea mbuzi mwingine, kahawia, mgongo mweusi, anatembea kwa maringo kama mwenye nyumba. Akapita wanawake wa mchele. Akampita Bilali. Akaenda moja kwa moja kwa Kholood, akasukuma pua kwenye baibui pale mikono ilipofichwa, akaanza kutafuna mkono wa nguo.

"Asumini," alisema Kholood. "Sina maganda leo, mama. Sikuruhusiwa kuleta kitu." Mikono aliiacha humo humo ndani, na machozi yakashuka bila mtu wa kuyafuta.

Shingoni mwa Asumini palikuwa na duara la ngozi tupu, upana wa mkanda kamili. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima.

"Hili la kukujua wewe siwezi kuliandika kwenye ripoti," alisema Bi Sabiha. "La shingo naliandika."

Bi Mgeni alikaa chini, kwenye kibao cha mbuzi kilichokuwa karibu, kile cha kukunia nazi. Hakuna aliyemhimiza. Bi Sabiha naye akakaa, mkekani, wakawa sawa.

"Nasrin keshaharibikiwa mimba nne," alisema Bi Mgeni. "Zilitoka zenyewe. Ya nne ilikuwa miezi saba, tulimzika. Alipobeba hii nikaweka nadhiri: akija mzima, Asumini ndiye wa akika yake. Si mbuzi yeyote. Asumini. Nadhiri ukishaitamka na jina, haibadiliki. Na mnyama wa akika awe mzima, asiwe na kilema, asiwe na sikio lililotobolewa. Ndiyo maana nilikataa vile vipuli. Damu nilimwachia huyu binti achukue, damu inarudi. Halafu akaja huyu kijana na koleo."

"Ungeniambia, Bibi," alisema Bilali.

"Ningekuambia nini? Mimba ya miezi minane tumboni, niitangaze mbele ya mgeni, nikaipigie hodi balaa?" Akajifunika kanga usoni kidogo. "Nikamvalisha mkanda yule niliyemnunua mnada wa Chalinze. Nikasema mbuzi ni mbuzi, sikio ni sikio, wasomi watajuaje?"

"Wamejua," alisema Bi Sabiha kwa upole. "Ila wamejua vibaya. Huyu binti anatuhumiwa kwamba alitunga herufi za Asumini. Jumatatu wanamfukuza."

Bi Mgeni akamtazama Kholood, akatazama lile baibui lililotafunwa.

"Nimepata mtoto wangu," alisema, "nikamponza mtoto wa mwenzangu."

"Hukujua, Bibi," alisema Kholood.

"Sasa najua. Mnataka nini? Mnataka sikio?" Akainuka akaenda akamshika Asumini kichwa. "Semeni."

Bi Sabiha alimtazama Nasrin mlangoni, kambana Dija kifuani.

"Damu," alisema. "Damu inarudi. Bilali, shingoni, kijiko kimoja. Kholood, rudi nyuma hatua tatu."

Kholood akarudi hatua tatu. Asumini akamfuata. Ikabidi Kholood akakae ndani ya gari, vioo vimepandishwa, ndipo damu ikachukuliwa.

*

Jumapili Daktari Ashrafu alisoma herufi mwenyewe. Bi Sabiha ndiye aliyetaka hivyo. "Wewe ndiye mshitaki. Mkono uwe wako, mtu asije akasema." Kimashine chenyewe si kikubwa kuliko simu, kilinung'unika tangu asubuhi, na Bi Sabiha kakaa pembeni yake na chupa ya chai, lakiri kakata mbele ya mashahidi wawili, kaandika saa.

Alasiri mstari ukatoka. Daktari Ashrafu akaupanga chini ya ule wa mwezi wa tano. Safari hii alianza mwanzo wa barua, akashuka nao wote mpaka chini. Hapakuwaka chochote. Akafika mkiani. A, C, A, T, T, C, C.

Alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Nilitazama jibu," alisema. "Barua sikuisoma."

"Jumatatu useme hivyo hivyo," alisema Bi Sabiha. "Usiongeze Kiingereza."

Na alisema hivyo hivyo. Kamati ilikaa saa nne, watu watano na mezani chupa za maji, Kholood mwisho wa meza kavaa baibui lile lile lenye mkono uliotafunwa, maana mama yake alilishona akakataa kulitupa. Bi Sabiha alisoma ripoti: herufi kumi na mbili, manyoya ya shingo, mkanda, damu ya juzi. Mwenyekiti akauliza kama mwenye mbuzi atathibitisha, au ni maneno ya kuambiwa tu.

Mlango ukagongwa, ukafunguka bila kusubiri.

Bi Mgeni alikuwa kavaa kanga mpya doti nzima, vumbi la Mkange magotini, na mkononi kashika hotipoti mbili. Alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa umri alivyoukadiria mwenyewe. Kisha akaweka hotipoti ya kwanza mbele ya mwenyekiti na kufunua. Ndani kulikuwa na barafu, na juu ya barafu, limefungwa kwenye jani la mgomba, sikio zima la kahawia, halina tundu.

"Mlitaka sikio la Asumini," alisema. "Jana asubuhi alikuwa bado analihitaji. Sasa halihitaji. Lipimeni, na niulizeni, nitajibu. Nilidanganya mimi. Huyu binti hakudanganya."

Mwenyekiti alitazama sikio, akamtazama Daktari Ashrafu. "Tunalihitaji?"

"Damu inatosha," alisema Daktari Ashrafu. "Lakini tutalipokea, Bibi. Kwa heshima kabisa."

Kesi ikafungwa saa nne na dakika ishirini na tano.

Hotipoti ya pili Bi Mgeni alikuwa bado kaishika kwapani. Akazunguka meza nzima mpaka kwa Kholood, akaifungua mwenyewe. Pilau, mvuke ukapanda, na juu yake nyama ya paja imekatwa kwenye maungio, mfupa haukuvunjwa.

"Fungu lako la akika," alisema. "Dija kakupelekea. Kula nikuone."

Kholood alitazama lile paja, nono, la mwaka wa ukame. Alijua kila herufi yake. Akanawa mikono kwa maji ya chupa ya kamati, akasema bismillahi, akala huku analia, na Bi Mgeni akamfuta machozi kwa ncha ya kanga mpya ili yasidondokee pilau.

Bi Sabiha alichukua kalamu, akarudi kwenye ripoti, ukurasa wa mwisho, akaongeza mstari aliosema hawezi kuuandika: *Mbuzi alimtambua mtuhumiwa.*